Jinsi ya Kumtambua Panzi Anayeiga Jani la Mkaratusi: Mwongozo Kamili wa Jenasi Goniaea

Katika misitu ya mikaratusi ya mashariki mwa Australia, mtu anaweza kuweka mguu kando ya panzi mwenye urefu wa kidole na akaendelea na safari yake bila kujua kwamba amempita. Panzi huyo ana rangi ya jani lililokauka na umbo la jani lililojikunja, na hutulia juu ya majani yaliyoanguka bila kutikisika hata mguu ukaribie kumgusa. Wanasayansi wamemweka katika jenasi Goniaea, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na spishi inayojulikana zaidi ni Goniaea australasiae, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Mwingereza William Elford Leach mwaka 1814. Waaustralia wenyewe humwita panzi wa jani la mkaratusi, na jina hilo nitalitumia hapa kwa jenasi nzima.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyemwona mdudu wa namna hiyo, au aliyebaki na picha yake kwenye simu, na sasa anataka kujua amwite nani. Nataka jambo moja lieleweke tangu mwanzo: kule kufanana na jani, ambako ndiko kulikokuvutia, hakuwezi kukusaidia kumtambua. Wapo wadudu wengi wasio na undugu wa karibu ambao wote wamefikia sura ya jani la mkaratusi, na wapo panzi wa spishi moja ambao mmoja ni wa kahawia, mwingine wa kijivu na wa tatu amekaribia wekundu. Rangi ni vazi tu. Utambuzi unategemea viungo: papasio, yaani zile pembe nyembamba za kichwani, sikio, ngao ya kifua, goti. Atakayezoea kutazama viungo kabla ya rangi atakuwa amemaliza nusu ya kazi.

Maandalizi kabla ya kuingia msituni

Vifaa ni vichache. Simu yenye kamera nzuri inatosha kuanzia. Ongeza lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, rula ndogo, chupa angavu ya plastiki yenye mdomo mpana, na daftari lenye penseli, kwa kuwa wino huyeyuka karatasi ikilowa. Ukisahau rula, weka sarafu kando ya mdudu: sarafu ya Australia ya senti 20 ina kipenyo cha milimita 28.65, na kila atakayeitazama picha yako nchini humo ataelewa ukubwa bila kuuliza.

Miezi ya joto, kuanzia Oktoba hadi Machi, ndiyo yenye mavuno. Ndiyo pia miezi ambayo mikaratusi ya kusini-mashariki mwa Australia hupukutisha majani kwa wingi, kwa hiyo sakafu ya msitu huwa na tandiko jipya la majani. Nenda asubuhi, jua likiwa bado halijapanda. Panzi hana joto lake mwenyewe la mwilini, anategemea jua, na asubuhi yenye ubaridi huwa mzito wa kuruka, jambo litakalokupa nafasi ya kupiga picha kwa utulivu.

Kuhusu usalama, vaa buti na suruali ndefu, kwa sababu unatafuta mnyama mdogo katika majani yale yale wanamolala nyoka. Kwenye ukanda wa pwani ya mashariki yupo kupe mwenye sumu ya kupoozesha, Ixodes holocyclus, hivyo jikague mwili mzima ukitoka. Usikae kwa muda mrefu chini ya mkaratusi mkubwa wenye matawi makavu, kwa maana miti hii hudondosha matawi mazito hata siku isiyo na upepo. Siku ambazo mamlaka zimetangaza hatari kubwa ya moto, ahirisha safari; mafuta yaliyo katika majani ya mkaratusi huwaka kwa kasi ambayo mtu wa miguu hawezi kuikimbia.

Ipo pia sheria. Katika hifadhi za taifa za Australia hairuhusiwi kukamata wanyama, wadudu wakiwamo, bila kibali, na kutoa nje ya nchi wanyama wa asili wa huko, hata wakiwa wamekufa na kukaushwa, kunaangukia chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Picha za matumizi yako binafsi kwa kawaida hazihitaji kibali, na kwa panzi huyu picha nzuri hutosha mara nyingi.

Hatua ya kwanza: kumwona

Hapa ndipo watu wengi hushindwa, nami naona ni kwa sababu wanatafuta panzi. Tafuta jani lenye kasoro. Jani la mkaratusi mkomavu lina sura yake: limepinda kama mundu, lina uti mmoja katikati, mishipa midogo inatoka kwenye uti huo kwenda pembeni, na mshipa mwingine mwembamba hupita sambamba na ukingo wa jani. Ncha moja ina kikonyo. Bawa la panzi, hata likiwa na rangi ile ile, lina mishipa inayotoka begani na kwenda kwa urefu hadi nchani. Ukiona jani ambalo mistari yake yote inakimbilia upande mmoja, na ukingo wake wa juu una unene usio wa kawaida, inama.

Mchana mmoja wa Desemba, nje kidogo ya Brisbane, nilisimama kwa dakika kadhaa nikitazama jani la rangi ya tangawizi kavu lililoegemea kijiti. Lilikuwa na madoa mawili meusi kama yale ya kuvu yanayoonekana kwenye majani yaliyooza. Kilichonifanya niendelee kulitazama ni kwamba sehemu yake ya chini ilikuwa ikipanda na kushuka, polepole, kwa mwendo usiobadilika, hali majani mengine yote yalikuwa yametulia. Panzi huvuta pumzi kwa kutanua na kubana tumbo, na mwendo huo hawezi kuuficha. Tangu siku ile, kila nikiwa na shaka, hutazama tumbo kwanza.

Njia nyingine ni kutembea polepole sana, hatua moja kisha kituo, ukipapasa majani mbele yako kwa fimbo nyepesi. Panzi huyu hutegemea kujificha kuliko kukimbia, kwa hiyo huruka wakati umekaribia kumgusa, na mara nyingi hutua hatua chache tu mbele. Usimkimbilie. Kaza macho mahali alipotua, usiyaondoe hata kwa sekunde moja, kisha sogea. Ukishayaondoa macho, utakuwa umerudi mwanzo, kwa sababu akishatua hutulia papo hapo na kuwa jani tena.

Hatua ya pili: kuthibitisha kwamba ni panzi wa pembe fupi

Wadudu wa oda ya Orthoptera, yaani panzi na jamaa zake, wamegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi moja lina papasio ndefu nyembamba kama nyuzi, ambazo mara nyingi hupita urefu wa mwili mzima. Humo wamo nyenje na senene. Kundi la pili lina papasio fupi, ngumu kiasi, ambazo kwa kawaida haziufikii hata nusu ya urefu wa mwili. Humo wamo nzige na panzi wa kawaida wa majani. Goniaea ni wa kundi hili la pili, familia ya Acrididae, ile ile ya nzige.

Msomaji aliyekulia Bukoba au Masaka analo tayari somo hili mikononi. Aliyewahi kukaa na ungo wa senene magotini akinyofoa mabawa na miguu anakumbuka zile papasio ndefu laini zilizokuwa zikinasa vidoleni. Senene, yaani Ruspolia differens, ni wa pembe ndefu. Sasa mkumbuke nzige, mwenye pembe fupi nene. Ukimweka mdudu uliyemwona Australia kati ya hao wawili, utajua mara moja anaelekea upande gani.

Hili lina maana kubwa katika msitu wa mikaratusi, kwa sababu wapo pia wa pembe ndefu wanaoiga majani ya mkaratusi, na wanaiga vizuri mno. Wale wa jenasi Torbia, kwa mfano, wana mabawa mapana ya kijani yenye sura ya jani bichi kabisa. Mtu asiyetazama papasio atawachanganya na kuandika jina la familia nyingine kabisa.

Papasio zikiwa zimekatika, jambo ambalo hutokea, tumia alama nyingine tatu. Ya kwanza ni sikio. Panzi wa pembe fupi wana masikio ubavuni, kwenye pingili ya kwanza ya tumbo, karibu na maungio ya mguu wa nyuma na chini ya bawa; linaonekana kama kidirisha chenye utando. Wa pembe ndefu wana masikio kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, kama mwanya mdogo au kishimo. Alama ya pili ni wayo: hesabu kwa lenzi pingili za wayo, utakuta tatu kwa panzi wa pembe fupi na nne kwa jamaa ya senene. Ya tatu ni sehemu ya kutagia ya jike. Jike wa jamaa ya senene ana kitu kirefu kilichobapa kama jambia, hali jike wa panzi wa pembe fupi ana vijino vinne vifupi vigumu mwishoni mwa tumbo, ambavyo huvitumia kuchimbia udongo anapotaga.

Hatua ya tatu: kujua umri wake

Watu hupenda kuiruka hatua hii, na ndiyo chanzo cha makosa mengi. Panzi hapiti hatua ya buu wala bundo. Anapoanguliwa huwa na sura ya panzi tayari, na kila anapoambua ngozi huongezeka ukubwa na mabawa yake hukua kidogo kidogo. Katika kipindi hicho huitwa tunutu. Tunutu wa Goniaea ana sura tofauti kiasi na mkubwa wake, na kwa maoni yangu ndiye anayeiga jani kwa ustadi zaidi: mwili wake umebanwa kutoka mbavu hadi mbavu, mgongo wake umepanda juu kama ukingo wa jani lililosimama, na kwa kuwa hana mabawa kamili hakuna kitu kinachoivunja sura hiyo.

Tunutu hutambuliwa kwa vichipukizi vya mabawa. Mwanzoni ni vijibamba vidogo tu mbavuni. Katika hatua za mwisho hugeuka juu ya mgongo, na hapo jambo la ajabu huonekana: kichipukizi cha bawa la nyuma hulala juu ya kichipukizi cha bawa la mbele, kinyume kabisa na mpangilio wa panzi mkubwa. Alama hii ni ya kuaminika sana. Wapo panzi wakubwa wenye mabawa mafupi kwa maumbile, ambao mtu anaweza kuwadhania tunutu. Lakini kwa panzi mkubwa, hata bawa liwe fupi namna gani, la mbele ndilo linalofunika la nyuma.

Ukishajua kwamba ni tunutu, punguza matarajio yako. Maelezo mengi ya spishi yameandikwa kwa panzi wakubwa, tena mara nyingi madume. Kumwandika tunutu kwa jina la jenasi tu, ukaishia hapo, ni jibu kamili wala si jibu la nusu.

Jinsia pia iandike hapa. Jike ni mkubwa kuliko dume. Kwa Goniaea australasiae jike huweza kukaribia sentimita 5. Mwisho wa tumbo la jike una vile vijino vinne, na mwisho wa tumbo la dume umefungwa na bamba lililoinuka kama omo ya mtumbwi.

Hatua ya nne: ngao na mkuku wake

Sasa tumefika kwenye kiungo chenyewe. Nyuma ya kichwa cha panzi yeyote kuna bamba gumu linalofunika juu na mbavu za kifua cha mbele, kama soji iliyolazwa juu ya punda. Hiyo ndiyo ninayoiita ngao. Katikati ya ngao, kutoka mbele kwenda nyuma, panzi wengi wana mstari ulioinuka. Kwa panzi wa kawaida wa shambani mstari huo ni mdogo, unaoweza kuhisiwa kwa ukucha kuliko kuonekana kwa macho. Kwa Goniaea mstari huo umepanda ukawa kitu kinachostahili jina la mkuku, kama mkuku wa dau lililopinduliwa ufukweni ili lipakwe mafuta ya papa: ubao mwembamba uliosimama katikati ya mgongo, na pande mbili za ngao zikiteremka kama paa.

Ili kuuona vizuri, shusha kamera hadi iwe usawa mmoja na mdudu na mtazame kwa ubavu. Picha ya kutoka juu, ambayo kila mtu huipiga kwanza, huufanya mkuku uonekane kama uzi mwembamba na kukunyima habari ya muhimu kuliko zote. Ukimtazama ubavuni, angalia mambo haya kwa mfuatano. Je, mstari wa juu wa mkuku umenyooka au umepinda kama upinde? Unaanzia wapi kupanda, ukingoni mwa mbele au katikati? Unaishia kwa ncha inayolalia mabawa, au unateremka polepole? Kwa Goniaea australasiae mkuku hupanda na kupinda kama upinde, na kwa tunutu wake hupanda zaidi, hata kichwa kikaonekana kama kimezama chini ya kilemba.

Pamoja na mkuku, tazama uso. Uso wa panzi huyu umelala kwa mteremko kuelekea nyuma, na paji la uso limesogea mbele, hivyo kichwa, ngao na mabawa hufanya mstari mmoja unaofanana na mstari wa jani kuanzia kikonyo hadi ncha. Halafu mpindue kwa upole, au mtazame kupitia chini ya chupa angavu, na uchunguze kifua chake kati ya miguu miwili ya mbele. Panzi wengi wa nusufamilia ya Catantopinae, ambamo Goniaea amewekwa, wana kichomozo kidogo kama chuchu au mwiba mahali hapo. Picha ya upande huu wa chini husahaulika mara nyingi, nayo huwasaidia sana wataalamu.

Rangi sasa, kwa kuwa hatuwezi kuiacha kabisa. Utakuta kahawia ya aina nyingi, kijivu, manjano iliyofifia, wekundu wa jani lililoanguka juzi. Utakuta madoa na vidoti vyeusi vinavyofanana na kuvu. Andika rangi uliyoiona, lakini usiitumie kuamua.

Hatua ya tano: kutoka jenasi hadi spishi

Mkuku uliopanda, papasio fupi na uso ulioteremka, vyote vikikutana kwa panzi wa sakafu ya msitu wa mikaratusi, vinatosha kuandika Goniaea. Kutoka hapo kwenda mbele kunahitaji tahadhari, kwa kuwa jenasi hii ina spishi kadhaa zinazofanana.

Spishi moja yenye alama inayoonekana kwa urahisi ni Goniaea carinata. Jina lake la pili ni la Kilatini na maana yake ni mwenye mkuku, na hilo peke yake ni onyo: mkuku hautenganishi spishi hii na nyingine za jenasi, kwa sababu zote zinao kwa kiasi fulani. Kinachomtofautisha ni weusi wa magoti ya miguu ya nyuma, upande wa ndani. Weusi huo hauonekani panzi akiwa ametulia, maana upande wa ndani wa paja umelalia mwili. Lazima uupate mguu ukiwa umefunguka kidogo.

Naikumbuka picha moja niliyoipiga ambayo kila kitu kilikuwa sawa: mwanga, ubavu, papasio, mkuku. Niliandika australasiae bila kusita, na nikakaa na jina hilo miezi mingi. Siku nilipofungua picha nyingine za panzi yule yule, ambazo sikuwa nimezitazama kwa makini, nikakuta moja ambamo alikuwa akijiandaa kuruka, mguu umeachana na mwili, na goti la ndani lilikuwa jeusi tii. Picha ile nzuri ilikuwa imenyamaza kuhusu alama pekee iliyohitajika. Kwa hiyo nasisitiza: bila upande wa ndani wa goti, ishia kwenye jenasi.

Spishi ya tatu utakayokutana nayo katika orodha za mashariki mwa Australia ni Goniaea opomaloides. Kiambishi cha mwisho cha jina lake kina maana ya anayefanana na, yaani anayefanana na Opomala, jina la jenasi nyingine ya panzi. Kumtenganisha huyu na wenzake kwa picha moja ni kazi ya mtu aliyeshika wengi mkononi, na sioni ubaya wa kumwachia mtu huyo aifanye.

Neno kuhusu kuandika jina. Utaona mara nyingi Goniaea australasiae ikifuatiwa na jina la Leach na mwaka 1814 ndani ya mabano. Mabano hayo yana maana: yanaonyesha kwamba mwandishi wa kwanza aliiweka spishi hiyo katika jenasi nyingine, na baadaye ikahamishwa. Ukiyaondoa mabano utakuwa umesema jambo lingine, na lisilo kweli.

Wadudu wanaochanganywa naye

Katika msitu ule ule yupo Coryphistes ruricola, panzi wa pembe fupi anayeiga gome la mti. Tofauti yake ya kwanza ni mahali: hukaa juu ya shina, akiwa amejibanza kwenye gome, hali Goniaea ni wa majani yaliyoanguka na vichaka vya chini. Lakini mahali pekee pasikuhukumishe, kwani panzi aliyeshtuliwa hutua popote. Tazama umbo: yule wa gome hana mkuku uliosimama kama wa Goniaea.

Bustanini na kando ya njia utamkuta Atractomorpha similis, mwenye kichwa kilichochongoka na mwili mwembamba kama jani la nyasi. Huyu ni wa familia nyingine, Pyrgomorphidae, na alama yake ni safu ya vinundu vidogo vinavyotoka nyuma ya jicho kushuka shavuni hadi kwenye ngao. Yupo pia Acrida conica, mwenye kichwa kirefu kama koni. Huyo ni wa nyasi, na ukimwona mara moja humchanganyi tena. Vijiti wanaotembea, kama Extatosoma tiaratum ambaye hula majani ya mikaratusi na kufanana nayo, si panzi kabisa: miguu yao ya nyuma haina paja nene la kurukia, na hilo linatosha kumaliza ubishi.

Kwa wasomaji walioko Afrika Mashariki

Swali hili huulizwa, na ni la haki. Mikaratusi ipo kila mahali kwetu, kuanzia nyanda za juu za Kenya, ambako ilipandwa tangu mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za injini za reli, hadi Iringa, Rwanda na Burundi. Hata ule mkaratusi wenye harufu ya limau, Corymbia citriodora, asili yake ni Queensland. Je, panzi wake alikuja naye?

Hakuja. Miti ililetwa kama mbegu, na panzi anayetaga mayai udongoni hasafiri ndani ya mbegu. Baadhi ya wadudu wa mikaratusi wamefika baadaye kwa njia nyingine; nyigu mdogo Leptocybe invasa, anayetengeneza vinundu kwenye majani machanga, alionekana Kenya na Uganda mwaka 2002 na kuwatia hasara wakulima. Lakini Goniaea ni jenasi ya Australia. Ukiona mdudu wa umbo la jani katika shamba la mikaratusi la Njombe au Eldoret, fuata hatua zile zile za papasio, sikio na wayo, ila usilazimishe jina la Australia. Kama papasio ni ndefu kama uzi na mabawa ni mapana ya kijani, anza kumtafuta katika jamaa za senene zinazoiga majani, kama vile jenasi Zabalius ya Afrika.

Hatua ya sita: picha, kumbukumbu na kumwachia

Kama mahali ulipo panaruhusu kumshika, mfunike kwa chupa kutoka juu na uteleze karatasi ngumu chini yake. Usimshike kwa mguu mmoja wa nyuma hata kidogo. Panzi huukata mwenyewe mguu ulioshikwa ili ajiokoe, na hauoti tena. Ukilazimika kumshika kwa vidole, shika ngao yake kwa wepesi, pande zote mbili. Atatema maji ya kahawia. Hayadhuru, ila hutia doa kwenye nguo. Dakika kama 10 katika friji, pasipo kugandisha, zitamtuliza akiwa ndani ya chupa yake yenye jani kavu, na utapata nafasi ya kupiga picha zote: ubavu mzima, juu, uso, upande wa ndani wa paja na goti la nyuma, chini ya kifua, na mwisho wa tumbo. Piga moja yenye rula au sarafu. Piga nyingine ya mahali ulipomkuta, majani na magome ya miti yakionekana, kwa maana aina ya gome, laini, la nyuzinyuzi au lenye mifereji migumu, humsaidia anayejua miti kukuambia ulikuwa chini ya mkaratusi gani.

Daftarini andika tarehe, saa, mahali kwa vipimo vya ramani, hali ya hewa, na kama alikuwa juu ya majani makavu, kichakani au shinani. Andika pia jinsia na umri ulivyoviona katika hatua ya tatu. Kisha peleka picha kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, na ambako kumbukumbu za Australia huingia pia katika Atlas of Living Australia, hazina ya taarifa za viumbe wa nchi hiyo. Pakia picha zote chini ya kumbukumbu moja, zisiwe kumbukumbu tano za panzi mmoja. Mfumo huo hukubali jina pale ambapo zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wamekubaliana. Ukiweka Goniaea peke yake na picha ya goti ikaonekana vizuri, atakuja mtu wa kuongeza neno la pili. Na akija mtu akapinga jina lako, muulize ameona kiungo gani, kisha urudi kwenye picha zako ukitazame.

Mrudishe panzi pale pale ulipomtoa. Inamisha chupa juu ya majani, ondoa karatasi, na umwache atoke mwenyewe. Atapiga hatua mbili au tatu, atajiweka sawa na jani lililo karibu, na tumbo lake litaanza tena kupanda na kushuka polepole.